Alhamisi, Ukurasa wa Tano

"Nilimwona kwa macho yangu haya mawili," alisema dada fundi, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Alitoka na gitaa mgongoni, kalibeba kama mama aliyebeba mtoto. Moto unanguruma nyuma yake. Akageuka, akautazama ule mlango wa chuma, akausukuma. Akatia komeo. Na mume wangu yumo ndani anagonga. Anagonga kama alivyokuwa anapiga ngoma zake, mdogo wangu, mapigo manne manne. Manne, anapumzika. Manne, anapumzika. Halafu kimya."

Akakata uzi kwa meno.

"Haya, andika hivyo. Na useme nimesema mimi."

Dada fundi si dada yangu wa kuzaliwa. Ni jirani yetu, mshonaji, na nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja; ukipiga chafya huku, anakuombea afya kule. Marehemu mumewe alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha roki, watu wakimwita Kishindo. Anayemsema hapa ni mpiga gitaa wa kikundi hichohicho, Waya. Ukumbi ule uliungua miaka tisa iliyopita.

Nilikuwa na penseli mbili mkononi, nyekundu na ya bluu, na karatasi iko juu ya goti. Nikapiga mstari wa bluu.

Kwa aliyekosa wiki jana, nasema kwa ufupi. Mimi elimu yangu ni ya msingi tu, na kazi yangu gazetini ni kukata na kubandika. Chumba changu kiko nyuma, kina mkasi, kopo la gundi na mafaili yaliyofika darini. Wenzangu wa ghorofani wananiita Binti Gundi. Aliyenifundisha kazi, Bi Mkasi, amestaafu, nikabaki mimi na panya. Ndipo mwandishi wetu mkubwa, tunayemwita Profesa ingawa cheti chake hakuna aliyekiona, aliponiletea makala ya ukurasa mzima juu ya maisha ya Waya. Inatoka Jumapili.

"Mafaili unayo wewe," alisema. "Hakikisha kila neno. Nyekundu chini ya lililothibitika. Bluu chini ya lililosikika tu."

Niliwaambia nilikubali kwa furaha. Hapo niliwaficha. Nilikubali kwa hofu, maana kama angepewa mtu mwingine, angeweza kuchimba akanifikia.

Sasa tuendelee.

Mtaa una habari za Waya kuliko Waya mwenyewe alivyo nazo. Siku nne nilizunguka na penseli zangu, nikiuliza na kungoja. Mimi ni mtu wa kungoja. Ukinyamaza vya kutosha, mtu mwenyewe ataona haya na kimya chako, atakijaza.

Walisema Waya alivunja gitaa jukwaani kwa kiburi. Fundi mitambo wao wa zamani alicheka mpaka akakohoa. "Mkanda ulikatika, mama. Gitaa likaanguka, watu wakashangilia. Ulitaka afanyeje, awaombe radhi? Akalipiga teke ionekane alipanga."

Walisema ana wake watatu katika miji mitatu. Nilimpata mmoja, naye ndiye aliyemwacha. "Hao wawili ukiwaona," aliniambia, "waambie wanisaidie kumdai masufuria yangu."

Walisema miwani nyeusi ni majivuno. Walisema aliacha muziki kwa sababu dhamiri ilimkaba. Na walisema ule mlango. Kila mdomo ulisema mlango, na kila mdomo ulimalizia vilevile: lisemwalo lipo.

Basi nikarudi kwa dada fundi, nikakaa kwenye kile kigoda chake cha wateja.

"Dada, siku ya moto ulisimama upande gani?"

"Nyuma. Nimeshakwambia, mlangoni."

"Na mtoto ulimwacha na nani?"

"Mtoto gani?"

"Binti yako. Si ndiyo siku aliyozaliwa?"

Cherehani ilisimama. Nilimsikia kuku wa jirani akiparua bati. Dada fundi alilitazama gurudumu kama vile limesimama lenyewe.

"Nilikuwa wodini," akasema taratibu. "Kweli. Nilikuwa wodini tangu alfajiri." Akajipangusa uso kwa kitambaa cha mteja. "Lakini nilimwona. Nikifumba macho namwona. Anaigeuza shingo yake, anautazama mlango."

"Uliambiwa, dada."

"Na nani?"

Alinitazama, wala hakunitazama kwa ubaya.

"Wewe ndiye uliyenisomea," akasema. "Nimetoka wodini, mtoto hana siku tatu. Ulikuja na gazeti, ukakaa hapohapo ulipokaa. Ukanisomea mpaka mwisho, nikakwambia rudia, ukarudia."

Dada fundi hajui kusoma. Miaka yote mimi ndiye macho yake. Namsomea barua, ripoti za mtoto za shule, karatasi za hospitali, hata kibandiko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Yeye hunishonea bila kunipima, anasema mwili wangu anaujua kama pindo.

Niliaga nikatoka. Bluu yangu ilikuwa sahihi, lakini haikunipa raha.

Kesho yake nikamfuata Waya mwenyewe.

Nilidhani nitakuta nyumba ya mtu aliyekuwa mtu. Nilikuta karakana ya kuchomelea mageti, na mwanamume wa makamo amechutama, miwani nyeusi usoni, cheche zinamrukia. Kumbe miwani ndiyo hiyo. Miwani nikaitia nyekundu papo hapo, majivuno nikayatia bluu.

"Geti au dirisha?" akauliza bila kugeuka.

"Gazeti."

Akazima mashine. "Gazeti silichomelei. Nenda salama."

"Shikamoo, baba."

Akavua miwani. Nadhani hakuitegemea. "Marahaba," akasema, kama mtu aliyelazimishwa kupokea mzigo. "Kaa, lakini si hapo, ni pamoto."

Nilimsomea makala yote. Alisikiliza huku akikuna kidole. Pa gitaa kuvunjika alitabasamu. Pa wake watatu alisema, "Masufuria ni yangu, mwambie." Nilipofika penye mlango sikuinua kichwa.

"Hilo mlishalifuta wenyewe," akasema.

"Nani?"

"Gazeti lenu. Nilikwenda na karatasi ya zimamoto, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Mhariri yule wa zamani alinikalisha, akanipa chai, akaniahidi. Na aliandika kweli. Alhamisi, ukurasa wa tano, chini kabisa. Nilikuwa nayo mimi pia, lakini nimehama mara nne, na kuhama ni nusu ya kuibiwa."

"Waliandika nini?" nikauliza, na nilikuwa najua.

Alivua glovu ya mkono wa kushoto. Vidole vitatu vilikuwa vimekakamaa, ngozi inang'aa kama karatasi ya nailoni. Akajaribu kuvikunja. Vilikataa.

"Nyuzi hushikwa na hivi," akasema. "Huku kulia unakwaruza tu, hata mbuzi anaweza. Niliingia mara mbili kumtafuta Kishindo. Mara ya tatu wakanikalia kifuani." Akairudisha glovu. "Eti dhamiri."

"Kwa nini hukumwambia mjane?"

"Nilikwenda, akanimwagia maji ya kufulia. Nikamwandikia barua mbili. Sijui nani alimsomea."

Mimi nilikuwa najua. Zilikuja kweli, mbili. Dada fundi aliona jina la mwandikaji midomoni mwangu tu, akasema tia motoni. Nikatia. Sikuzifungua, wala sikumwambia angalau tusikie anasemaje.

"Nisikilize, binti," Waya akasema. "Ukurasa mzima siutaki. Mwambie huyo Profesa wako, kama anataka aandike nina wake kumi. Lakini penye mlango, ile Alhamisi itafute. Yule mtoto wa Kishindo nilimpita juzi njiani. Akaniuliza kwa adabu kabisa, 'Baba, ni kweli wewe ndiye uliyefunga?' Miaka tisa, anauliza kwa adabu."

Akawasha mashine. Cheche zikaruka. Nikaondoka.

Sasa nitawaeleza kitu cha chumba chetu cha nyuma, ili mjue nilichofanya.

Karatasi ya gazeti ina pande mbili. Ukikata habari ya ukurasa wa tano, umeiharibu ya ukurasa wa sita iliyo mgongoni mwake. Kwa hiyo kila siku tulipewa nakala mbili: moja ya kukata pande za mbele, moja ya kukata pande za nyuma. Na Bi Mkasi alikuwa na sheria moja tu, akiisema kila asubuhi kama dua: "Kabla ya kupaka gundi, geuza."

Alhamisi ile, ukurasa wa sita ulikuwa na picha ya kaka yangu.

Timu yao ilikuwa imechukua kombe, naye yuko mbele, amepiga goti, mkono juu ya mpira. Nilikuwa na miezi kadhaa tu kazini. Nilichukua nakala ya pili nikaikunja, nikaitia kifuani, nikampelekea mama. Nikabaki na nakala moja na mkasi.

Niligeuza. Sheria niliifuata, jamani. Niligeuza nikaona kijisanduku chini, kimeandikwa Masahihisho, mistari tisa myembamba. Nikaisoma yote. Kisha nikaitazama sura ya kaka, nikasema moyoni, mistari tisa, nani ataitafuta? Nikapaka gundi juu ya mistari, nikabandika picha kwenye faili la Michezo.

Kesho yake nilikwenda stoo kuomba nakala nyingine. Zote zilikuwa zimeshauzwa za kufungia bidhaa.

Na kwa dada fundi je? Ukuta mmoja, ningemwambia kwa mdomo tu. Lakini alikuwa analia usiku na mchana, na alipokuwa akimlaani Waya ndipo alipopata nguvu ya kunyonyesha. Nikajiambia hasira ndiyo inayomsimamisha, nisimnyang'anye. Nikangoja atulie. Nimewaambia mimi ni mtu wa kungoja.

Tangu hapo kila mwandishi aliyetaka habari za Waya alinijia, nami nilimpa faili. Ndani kulikuwa na habari ya kwanza. Akaandika yake kutoka hiyo, "kama gazeti hili lilivyowahi kuripoti." Nikaikata, nikaibandika. Aliyefuata akakuta mbili. Wa leo amekuta saba. Uongo mmoja umezaa watoto sita, na mkunga ni mimi.

Basi nilipotoka karakana nilikwenda moja kwa moja kwenye faili la Michezo. Picha ipo. Kaka amepiga goti vilevile, amekuwa wa manjano. Nikachemsha birika, nikaushika ukurasa juu ya mvuke, nikaanza kubandua kwa kucha kidogo kidogo, kama anayemenya kitunguu.

Gundi ya ofisi ile, sijui waliipika na nini. Karatasi ililegea kabla ya gundi. Kwanza mguu wa kaka, kisha mpira, kisha sanduku zima likabaki uji kwenye vidole vyangu. Nilisoma neno moja tu, "radhi," nalo likanyonyoka.

Nikapanda ghorofani mikono inanata.

"Ule mlango ni uongo," nikamwambia Profesa. "Gazeti lilisahihisha."

"Leta."

"Imeharibika."

"Kwenye juzuu za mwaka?"

"Zilioza bomba lilipopasuka."

"Bi Mkasi?"

"Hakumbuki. Ile Alhamisi sikumwonyesha."

Alinikazia macho. Profesa ana maneno mengi lakini si mjinga. "Kwa nini hukumwonyesha?"

"Nilikuwa mgeni kazini."

"Binti Gundi," akasema, "Waya akija na maneno, ni maneno yake. Wewe ukija na maneno, ni maneno ya aliyemsikia Waya. Faili lina vipande saba. Niletee kipande kimoja kinachosema kinyume, kesho kabla ya saa sita, mlango nautoa. Usipoleta, unatoka kama ulivyo. Sheria niliyokupa ndiyo hiyo, rangi ya bluu haishindi nyekundu."

Nikashuka ngazi. Katikati ya ngazi nikasimama.

Nakala ya pili.

Ile niliyoitia kifuani haikupakwa gundi. Mama aliitia kwenye fremu ya kioo, akaipigilia vijimisumari nyuma, akaitundika sebuleni mbele ya mlango ili kila aingiaye asalimiane na mwanawe. Kaka alikwenda kutafuta maisha mbali, na simu yake huja kama mvua ya kiangazi. Mama hupangusa kioo kile kila asubuhi. Miaka tisa ukweli umekaa sebuleni kwetu, umegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Niliomba ruhusa, nikawahi nyumbani. Jua lilikuwa kali bado. Mama yuko uani anaanika. Nikapanda kiti, nikashusha fremu, nikailaza mezani kifudifudi, nikaanza kung'oa vijimisumari kwa ncha ya kisu.

"Mwanangu unamshusha unampeleka wapi?"

Mama amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Nampangusa, mama."

"Kwa kisu?"

Kijimisumari cha mwisho kikaruka, kibao kikatoka. Na hapo, safi kama kilichapwa jana, kijisanduku kikatutazama.

Nilisoma kimyakimya. Masahihisho. Katika toleo letu la Jumatatu ya wiki iliyopita tuliandika kuwa mpiga gitaa Waya alifunga mlango wa ukumbi ulioungua. Si kweli. Zimamoto wamethibitisha kuwa mlango ulizibwa na paa lilipoanguka. Waya aliingia mara mbili kumwokoa mwenzake, akaungua mkono. Tunamwomba radhi, yeye na familia ya marehemu.

Familia ya marehemu. Hayo nilikuwa nimeyasahau. Dada fundi aliombwa radhi miaka tisa iliyopita, na radhi yake niliitundika mimi ukutani.

"Ni nini hicho?" mama akauliza, akainama. Mama husoma polepole, kwa kidole. "Wa-ya. Si yule mpiga gitaa? Anafanya nini mgongoni kwa mwanangu?"

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze sauti nyumbani kwangu?"

Ukuta wetu mmoja. Nilisikia cherehani ya upande wa pili ikisimama.

Nilitaka kuligeuza gazeti. Naapa mkono ulishafika. Lakini nikiligeuza kaka atakuwa juu tena na mistari chini, na hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Mkono ukabaki hewani.

Dada fundi aliingia bila hodi, kama kawaida yake, na pazia la mama mkononi, pindo limekamilika nusu, sindano inaning'inia.

"Nimekuletea pazia, mama. Mbona nimesikia mnamtaja yule mtu?"

"Njoo uone maajabu," mama akasema, wala hakujua anachokisema. "Nyuma ya picha ya mwanangu kuna habari za Waya. Miaka yote imo humo. Nyumba hii ina siri kuliko benki."

Dada fundi hakucheka. Alisogea mpaka mezani. Aliutazama ukurasa kama anavyotazama maandishi yote, kuanzia juu mpaka chini, kama kitambaa ambacho hajui kimefumwa wapi. Kisha akatazama tarehe; tarakimu anazijua, za futi kamba zinamtosha. Midomo yake ikahesabu.

"Mwezi ule," akasema. "Mwaka ule. Mtoto wangu alikuwa na siku kumi na mbili."

Akanitazama. Nimeutazama uso ule kila siku tangu utoto wangu, na sikuwahi kuuona hivyo, wazi kama mlango.

"Wewe ndiye uliyeleta gazeti hili humu ndani."

"Ndiyo, dada."

"Ulilisoma?"

Mama akaweka ndoo chini. Njiani zikasikika sauti za watoto wanaotoka shule, na ya binti yake nikaitambua, anaimba kitu, anakaribia. Miaka tisa, anasoma vizuri kunipita mimi.

Dada fundi akavuta kiti akaketi. Akalikunja pazia magotini, akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kijisanduku. Hakuukosea.

"Umenisomea kila kitu, mdogo wangu," akasema. "Hata dawa ya kikohozi. Haya, nisomee na hiki."